Mfuko wa Chaki: wa Kiunoni au wa Kuacha Chini?

Barua nyingi za awamu hii zinauliza kitu kimoja: mfuko wa chaki wa mkwea miamba. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na kamba au viatu vya kukwelea, kwa hiyo wengi hukichagua kwa rangi, kisha hulalamika kwamba mkono hauingii au unga unamwagika. Tumechagua barua sita. Chaki inayozungumzwa humu ni magnesiamu kaboneti, unga mweupe wa kukausha jasho viganjani. Ni unga uleule wanaoutumia wanasarakasi wa jimnastiki na wanyanyua vyuma, na uliingia kwenye miamba katika miaka ya 1950 kupitia Mmarekani John Gill, aliyekuwa mwanajimnastiki.

Habari za kazi, wahariri. Tunakwea Hell's Gate na Lukenya wikendi, na katikati ya wiki tunafanya boldaringi kwenye ukumbi wa ndani. Naona mifuko midogo ya kufunga kiunoni na mingine mipana kama ndoo. Nina pesa ya mmoja tu. Ninunue upi? — Msomaji, Nairobi

Kabla ya kutazama mfuko wowote, jiulize: mkono wako utaingia humo ukiwa umeshikilia mwamba, au ukiwa umesimama chini? Hilo ndilo linaloamua.

Ukikwea kwa kamba njia ya mita 20 au 30, utakuwa ukutani kwa dakika nyingi na viganja vitalowa katikati ya safari. Unaachia mkono mmoja, unaupeleka nyuma bila kutazama, unapaka, unaurudisha. Kazi hiyo inataka mfuko wa kiunoni, wa umbo la mcheduara, wenye kina cha sentimita 15 hadi 18 na mdomo wa kipenyo cha sentimita 11 hadi 13. Mdomo uwe mgumu. Ndani yake kuna waya au utepe wa plastiki unaouweka wazi muda wote, na ukilegea mdomo unajikunja, nawe unabaki unapapasa kitambaa huku mkono wa pili ukichoka. Mifuko inayochongoka kuelekea chini tunaiepuka kwa sababu humo zinapakwa ncha za vidole tu. Kiganja chote kinataka nafasi ya kugeuka.

Boldaringi, yaani kukwea majabali mafupi bila kamba, ina mahitaji tofauti. Jabali la mita 3 au 4 linamalizika kwa sekunde chache, mikono yote miwili inapakwa kabla ya kuanza, na mara nyingi safari inaishia kwa kuanguka juu ya godoro. Ukianguka chali ukiwa na mfuko kiunoni, unga unatapakaa kote, na kijiti cha brashi ya kusafishia vishikio kilichochomekwa ubavuni mwake kinaweza kukuchoma mgongoni. Ndiyo maana wapenzi wa boldaringi hutumia kindoo cha kitambaa chenye kitako cha sentimita 20 au zaidi. Kinasimama chenyewe, mikono miwili inaingia pamoja, na kina mifuko ya pembeni ya plasta, brashi na mkasi wa kucha.

Kwa mwenye pesa ya mmoja, nunua wa kiunoni. Utauvua na kuuweka chini ukumbini, lakini ndoo hutaipandisha Hell's Gate. Tafuta wenye kitako bapa kilichoshonwa kwa duara kamili ili usianguke ovyo ukiwa sakafuni, na uufunge kila umalizapo kupaka.

Ukiwa dukani, fanya hivi. Ufunge kiunoni, kisha ingiza mkono wa kulia na wa kushoto kwa zamu bila kutazama. Ngumi iingie na vidole vifunguke humo ndani bila kukwaruza ukingo. Geuza bitana nje uitazame: iwe ya flisi yenye manyoya marefu kiasi, maana manyoya hayo ndiyo yanayoshika unga na kuusambaza kiganjani. Bitana laini ya nailoni huuacha unga wote chini, nawe unachovya ncha za vidole. Vuta kamba ya kufungia hadi mwisho. Tundu likibaki la kupita kidole gumba, unga utapita pia, na utaukuta kwenye nguo na chakula chako mkobani. Bana kile kibano cha kamba mara kadhaa. Springi dhaifu hujifungua yenyewe mkobani.

Zipu, mifuko ya ziada na picha za kupendeza ni mambo ya mwisho. Mfuko mdogo wa zipu unafaa kwa ufunguo. Simu usiiweke humo, kwani unga huingia kwenye tundu la kuchajia.

Mfuko wangu nimeuning'iniza kwa karabina (pete ya kufungia yenye mlango) kwenye hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kamba). Kila nikiinama unapinduka, na juzi unga ulimmwagikia machoni aliyekuwa ananishikia kamba. Tatizo ni mfuko au ni mimi? — Msomaji, Naivasha

Tatizo ni karabina. Kitu kinachoning'inia kwa sehemu moja huzunguka na kulala kila nguo au mwamba unapokigusa. Tena kinakaa chini mno, mkono unautafuta usawa wa makalio badala ya kiuno.

Nyuma ya mfuko wako huenda kuna vitanzi viwili. Pitisha humo mkanda mwembamba wa upana wa milimita 20 hivi, wenye bizimu ya plastiki, na uufunge kiunoni juu kidogo ya hanesi. Mfuko ukishikwa sehemu mbili hausokoteki. Faida kubwa zaidi ni kwamba unateleza. Mkono wa kulia ukiwa umenasa, unausukuma mfuko upande wa kushoto kwa kiwiko. Hapo kwenu Hell's Gate, ambako njia nyingi zinafuata nyufa za mwamba wa volkano, jambo hili lina uzito wake: ukiingia kwenye ufa mpana unaomeza mwili mzima, mfuko ulioko mgongoni husagwa na mwamba na kukamuliwa unga wote. Uzungushe uje mbele, au ubavu ulio nje ya ufa, kabla hujaingia. Ukishajibana humo huwezi tena kuuzungusha.

Sasa sikiliza kwa makini jambo la usalama. Mkanda wa chaki haubebi mtu. Bizimu yake ni ya kushikilia gramu chache za unga. Usijifunge kamba humo, usining'inize humo kifaa cha kushushia, na usipitishe mkanda wenyewe kwenye kitanzi cha mbele cha hanesi, kwa sababu siku ukichoka jicho litaona utepe na mkono utaufunga ule usio wenyewe. Rangi ya mkanda iwe tofauti kabisa na ya hanesi. Wapo wanaotumia kamba nyembamba ya milimita 6 badala ya mkanda, ili kwenye njia ndefu kama zile za Mlima Kenya iwe pia kamba ya akiba ya kufunga fundo la Prusik, lile linalojibana kwenye kamba kuu likivutwa. Ni wazo zuri kama kamba yenyewe ni ya kukwelea na ina mita 1.5 hivi. Kamba ya kuanikia nguo haina kazi hapo.

Kuhusu kumwagika, huenda pia unajaza kupita kiasi. Mfuko wa kiunoni unatakiwa kuwa na unga theluthi moja, basi. Kipande kimoja cha gramu 56, ambacho ni kipimo kinachouzwa sana, kinatosha kuanzia. Kivunjevunje kwa mkono kikiwa ndani ya mfuko, lakini usikisage chote. Acha vibonge vya ukubwa wa haragwe, unaviminya kidogo kila unapoingiza mkono na unga unatoka kwa kiasi. Kama bado unamwaga, tumia mpira wa chaki, yaani kimfuko cha kitambaa chenye matundu madogo kilichofungiwa unga ndani. Unachelewa kidogo kupaka, lakini aliye chini yako atabaki na macho yake.

Shikamooni. Tuko kikundi cha vijana Mwanza, majabali yapo kila upande. Tunatumia chaki ya shuleni tuliyoitwanga na tunateleza zaidi. Mwenzetu anasema tujaribu chokaa au poda ya mtoto. Pia, je, fundi cherehani anaweza kutushonea mifuko? — Wasomaji, Mwanza

Marahaba, vijana wetu. Chokaa acheni kabisa, leo hii. Ikikutana na jasho inachoma ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kuharibu uwezo wa kuona. Poda ya mtoto imetengenezwa ili ngozi iteleze isichubuke, kwa hiyo inafanya kinyume cha mnachotaka. Chaki ya ubaoni kwa kawaida ni jasi au kalsiamu kaboneti iliyogandishwa, na ikikutana na jasho inakuwa uji mwembamba kati ya kidole na jiwe. Unga wa muhogo na wa ngano ni hivyo hivyo, isipokuwa hizo zinaita na sisimizi.

Tafuteni magnesiamu kaboneti. Ulizeni maduka ya vifaa vya mazoezi ya kunyanyua vyuma, au agizeni kwa pamoja: huuzwa pia katika boksi la vipande 8 vya gramu 56, na mkigawana gharama inapungua. Pakeni kidogo. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulioonyesha kwamba chaki ilipunguza mshiko, na mwingine wa 2012 ulioonyesha kwamba iliuongeza. Kwa mkweaji, ushauri unaobaki ni huu: unga unyonye jasho, kisha piga makofi au puliza mpaka tabaka la ziada litoke. Unga mzito usiogusa jasho unabaki punje kavu zinazobingirika kati ya ngozi na mwamba. Na kabla ya yote, nawa mikono kwa sabuni. Mafuta ya nazi au vaselini uliyojipaka asubuhi hayanyonywi na chaki. Jipakeni jioni, mkimaliza.

Mifuko ya kushona inawezekana, na ikishonwa vizuri inadumu kuliko mingi ya dukani. Nendeni mitumba mnunue suruali ya jinzi nzito au kipande cha turubai kwa ajili ya nje, na sweta la flisi kwa ajili ya bitana. Mwavuli mbovu utawapa kitambaa chepesi cha kola ya kufungia. Kwa ukingo, tumieni utepe mgumu wa plastiki wanaofungia makatoni ya mizigo. Waya wa chuma unashika kutu kwa jasho, na ncha yake ikitoboa kitambaa inakata vidole.

Vipimo vya mfuko wenye kipenyo cha sentimita 12 ni hivi, vikiwa na sentimita 1 ya mshono kila upande. Cha nje: mstatili wa upana wa 40 na urefu wa 21, na duara la kipenyo cha 14. Bitana: mstatili wa 38 kwa 17, na duara la 13.5, inakatwa ndogo kidogo kwa sababu flisi ina unene na italala ndani. Kola: mstatili wa 38 kwa 15. Utepe wa plastiki: sentimita 42, ili ncha zipandane kwa sentimita 4 na kufungwa kwa gundi ya karatasi, ile ya mkanda.

Fundi aanze na vitanzi vya mkanda kabla hajakunja mstatili wa nje kuwa bomba, kwani baada ya hapo cherehani haifiki. Vitanzi viwili vya utepe wa nailoni wa sentimita 2.5, vikiwa vimeachana sentimita 8, viwe sentimita 7 chini ya ukingo mbichi wa juu. Sentimita 3 kati ya hizo zitakunjwa ndani, kwa hiyo vitabaki 4 chini ya mdomo. Apige sindano mbele na nyuma mara kadhaa kwenye kila ncha, maana hapo ndipo mifuko ya mitaani inapokatikia. Kisha afunge bomba na kushonea duara la chini. Hapa ndipo wengi hukosea: duara linashonwa likiwa limebanwa kwa pini katika robo nne kwanza, la sivyo kitambaa kinavutika na mwisho kinabaki mkunjo mmoja mkubwa.

Bitana inashonwa vivyo hivyo, manyoya yakielekea ndani ya mfuko. Kola inafanywa bomba, upande wa juu unakunjwa sentimita 3 kuwa njia ya kupitishia kamba, na upande wa chini unaunganishwa na mdomo wa bitana. Sasa bitana na kola ni bomba moja refu. Liingizeni ndani ya jinzi, wekeni duara la plastiki juu, kisha kunjeni zile sentimita 3 za jinzi kuelekea ndani zifunike plastiki na mshono wa kola kwa pamoja. Shoneni mzunguko mmoja chini kidogo ya plastiki. Plastiki ikicheza ndani ya njia yake, mshono uko chini mno na mdomo utapinda. Uwe karibu kiasi cha kuibana. Sindano ya cherehani iwe ya jinzi, namba 100 au zaidi, kwani mahali hapo kuna tabaka nne au tano na sindano nyembamba inavunjika.

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati. Milima yetu ni ya chokaa, joto kali, na mikono yangu inatoa jasho hata msimu wa baridi. Nimebadilisha mifuko mitatu. Upi utanifaa? Na je, kuna brashi isiyo na manyoya ya nguruwe? — Msomaji, Oman

Waalaykumu salaam warahmatullah. Ndugu yetu, mfuko wa nne hautakusaidia kama mitatu ya kwanza ilikuwa na mdomo mpana na bitana ya flisi. Jasho lako linahitaji tabaka la msingi kabla ya mfuko. Tumia chaki ya maji: ni unga uleule uliochanganywa na alkoholi. Mimina kiasi cha sarafu ndogo kiganjani, sambaza hadi katikati ya vidole na migongo yake, subiri alkoholi ikauke mpaka mikono iwe myeupe kote, kisha ongeza unga mkavu juu yake. Tabaka hilo linabaki muda mrefu zaidi, na safari za mkono kwenda mfukoni zinapungua. Soma orodha ya viungo. Aina nyingine zina ulimbo wa msonobari ndani yake, na ulimbo huacha utando unaong'arisha vishikio. Kwenye mwamba wa chokaa, ambao tayari hulainika kwa kushikwashikwa, hilo ni dhuluma kwa watakaokuja baada yako. Ukiwa na vidonda vidoleni alkoholi itachoma, subiri vipone.

Mfuko wenyewe chagua wenye kola ndefu na uufunge kati ya njia na njia. Hewa ya bahari ikiingia usiku kucha, unga unashikana mabonge yenye unyevu na hauwezi tena kunyonya jasho. Ukihisi umekuwa mzito, umwage kwenye sinia, uanike juani saa chache, kisha uurudishe. Kwa joto la kwenu, kukwea upande wenye kivuli kutakusaidia kuliko chaki yoyote duniani.

Kuhusu brashi, umeuliza jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Brashi nyingi zinazosifiwa kwa kusafishia vishikio zina manyoya ya nguruwe mwitu au wa kufugwa, na kwenye lebo huandikwa hivyo. Tafuta ya nailoni au ya nywele za farasi. Mswaki wa kawaida wa nailoni ulio mgumu unafanya kazi vizuri kwenye mwamba wa chokaa. Mfuko wako uwe na tundu la lastiki la kuushikilia kwa kubana. Lililolegea litakupotezea mswaki njiani.

Binti yangu ana miaka tisa, amependa ukumbi wa kukwea. Ukumbi unakataza unga wa wazi. Je, anahitaji mfuko? Ana pumu kidogo. — Mama, Nairobi

Mama, kwa sasa hahitaji mkanda wala mfuko wa kiunoni. Mtoto wa umri huo hukwea njia fupi na kuanguka mara nyingi, na kitu chochote kiunoni kitamuumiza. Kumbi zinazokataza unga wa wazi hufanya hivyo kwa sababu ya vumbi linaloelea hewani, na kwa mwenye pumu kanuni hiyo ni ya heri. Mpe chaki ya maji kwa usimamizi wako, mbali na macho na mdomo, au mpira wa chaki ndani ya kindoo kidogo kinachokaa sakafuni kando ya ukuta, nje kabisa ya eneo la kuangukia. Dawa yake ya kuvuta iwe karibu, na mwambie mwalimu wake. Mikono ya watoto wengi haitoi jasho jingi, kwa hiyo akikwea bila chaki hajapungukiwa kitu.

Tunakwea miamba ya Dodoma na vijijini jirani. Wazee wametuuliza kwa nini tunachafua mawe kwa alama nyeupe. Je, mfuko wa aina fulani unapunguza alama? — Msomaji, Dodoma

Wazee wana haki. Mvua ikichelewa miezi mingi, kama ilivyo huko, alama hizo hubaki zinaonekana kutoka mbali, na kwenye paa la mwamba lisilonyeshewa hazitoki zenyewe.

Mfuko unasaidia kwa kiasi. Wenye kola inayofunga vizuri haumwagi unga chini ya jabali, na mpira wa chaki unakupa unga kidogo kwa kila mguso. Ipo pia chaki ya rangi inayofanana na mwamba. Katika hifadhi ya Arches huko Marekani ndiyo inayotakiwa, ili mawe mekundu yasitiwe madoa. Katika miamba ya mchanga ya Elbe huko Saksonia, Ujerumani, chaki imekatazwa, na watu wanakwea kwa vidole vitupu.

Kinachoondoa alama hasa ni brashi, na tunaomba iwe sehemu ya mfuko wako kama kamba ilivyo sehemu ya hanesi. Mkimaliza jabali, pigeni mswaki kila kishikio mlichotumia, mkianza juu kwenda chini ili unga usiangukie mlipokwisha safisha. Futeni pia mistari mliyochora ya kuonyesha vishikio. Pangusheni kwa kitambaa kibichi panapokataa, mradi mwamba ni mgumu kama wenu wa matale. Miamba ya mchanga ikilowa inalegea na kumeguka, hiyo isiguswe kwa maji. Brashi ya waya marufuku popote. Siki huyeyusha unga huu vizuri kwenye kitambaa, na kwenye mwamba wa chokaa inayeyusha mwamba wenyewe, kwa hiyo ibaki nyumbani.

Na palipo na michoro ya kale, msikwee na msifungue mfuko. Michoro ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko mkoa wenu huohuo, na yapo mapango mengine yenye michoro ambayo hayana bango wala mlinzi. Unga unaoruka na vidole vyenye jasho vinaweza kuharibu rangi zilizodumu vizazi na vizazi, na baadhi ya sehemu hizo bado ni za matambiko. Waulizeni wazee hao hao kabla ya kuchagua jabali. Wanajua lipi ni lipi.

Umeuliza pia pembeni ya barua namna ya kuosha mfuko uliogeuka rangi. Mwaga unga wote, ugeuze bitana nje, upige kwenye ukuta mpaka vumbi litoke, kisha uoshe kwa mkono katika maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Madoa magumu ya unga loweka kwenye maji yenye kijiko kimoja cha siki kwa nusu saa, halafu suuza sana. Usitumie dawa ya kulainishia nguo, kwa sababu huacha utando wa mafuta kwenye flisi, nao huhamia viganjani. Uanike ukiwa umegeuzwa, mdomo ukitazama chini, na usirudishe chaki mpaka mshono wa kitako umekauka kabisa. Hapo ndipo unyevu hujificha, na ndipo ukungu unapoanzia.